Ngoma Zetu na Kompyuta
Mada ya kamati ya muziki kwenye kongamano la kwaya, wiki ya Jubilei



Baba Paroko, mwenyekiti wa baraza la parokia, wazee wetu mlioianzisha kwaya hii, wanakwaya wenzetu mliotoka Bungoma alfajiri kupitia Webuye na Kamukuywa, na waumini wote: karibuni Kitale. Tumepewa dakika ishirini tuzungumze juu ya jambo ambalo limeleta maneno mengi kwenye mazoezi tangu tuanze kurekodi nyimbo za Jubilei. Jambo lenyewe ni ngoma za kompyuta. Wapo waliosikia kwamba kamati ya muziki inataka kuwastaafisha wapiga ngoma. Wapo waliosikia kwamba tumenunua ngoma za Kijapani. Leo tutaeleza ngoma hizo ni kitu gani, tumezitumia wapi, na wapi tumeamua zisiingie.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wanaogombana juu yake hawajakiona. Programu hizi hazitungi mlio wa ngoma kutoka hewani. Kuna mtu, mahali fulani, aliyeketi na ngoma ya kweli akaigonga mbele ya maikrofoni, na mgongo huo mmoja ukahifadhiwa. Huo ndio sampuli. Ukibonyeza kitufe cha kinanda kilichounganishwa na kompyuta, kompyuta inakutolea mgongo uleule. Ngoma ikigongwa polepole hailii kama ikigongwa kwa nguvu. Ngozi yenyewe inatoa sauti nyingine, na kuongeza spika hakuwezi kuigeuza ile ndogo iwe ile kubwa. Kwa hiyo mpigaji hurekodiwa akigonga polepole, kiasi, kwa nguvu, kwa nguvu zaidi. Tena kila nguvu hurekodiwa mara kadhaa, kwa sababu mkono wa mwanadamu haurudii kitu kilekile mara mbili. Kompyuta ikirudia sampuli moja tu, sikio linagundua mara moja: inasikika kama bunduki ya rashasha. Basi programu huzungusha zile sampuli kwa zamu. Mwisho, huwekwa maikrofoni ya karibu na ya mbali, ili anayetengeneza wimbo achague kama ngoma iwe mapajani mwa msikilizaji au nyuma ya ukumbi.

Hayo hayakuanza jana. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine iliyoitwa LM-1, ya kwanza kuuzwa ikiwa na milio ya ngoma halisi iliyohifadhiwa kidijitali. Matoazi makubwa hayakuwamo, kwa sababu mlio wao ni mrefu na kumbukumbu ya kompyuta wakati huo ilikuwa ghali mno. Leo laptopu ya kawaida ya mwanafunzi inabeba maelfu ya milio. Ndipo zikaja ngoma za sinema: taiko za Japani na ngoma nyingine kubwa, zilizorekodiwa katika kumbi kubwa, ule mtutumo unaousikia kwenye filamu jeshi linaposhuka mlimani.

Na hapa kuna jambo lililotufurahisha sana tulipolijua. London, mtaa wa Hampstead, kuna jengo liitwalo Lyndhurst Hall. Lilijengwa miaka ya 1880 kama kanisa, kwa ramani ya Alfred Waterhouse. Mwaka 1992 likawa studio, iitwayo Air Studios, ya George Martin, yule aliyewarekodi Beatles. Kampuni ya Spitfire Audio ilirekodi humo mikusanyo yake mingi ya sampuli, ukiwemo wa ngoma uliotoka 2013 pamoja na Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu ya The Lion King ya 1994. Kumbe ule mwangwi ambao vijana wetu wanauita wa sinema ni mwangwi wa nyumba iliyojengwa watu waimbe nyimbo za Mungu. Mtu anayetumia sampuli hizo ananunua mikono ya mpigaji na ananunua pia kuta za kanisa la watu wengine.

Tulipofika studio na nyimbo za Jubilei, fundi alituwekea ngoma za aina hiyo chini ya Utukufu. Ilikuwa sauti kubwa kweli. Vijana walisimama. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye yuko kwaya tangu mwaka wa kwanza, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia fundi kwa upole: “Mwanangu, ni nzuri. Lakini hapa ni kama tunaenda vitani, na sisi tunamshukuru Mungu.” Fundi akacheka, akasema, “Sawa mama, tuangalie.” Tukaangalia, na tukagundua kwamba mama alikuwa amesikia kitu ambacho kinaweza kuelezwa.

Kwanza, taiko hupigwa kwa fimbo nene, na mlio wake unakaa hewani muda mrefu. Isukuti hupigwa kwa viganja. Mlio wake unaanza kwa ukali na kuisha mapema, na hapo katikati ndipo maneno yanapopita. Utukufu wetu una maneno mengi na unaenda mbio. Ukiujaza mtutumo wa sekunde mbili baada ya kila pigo, konsonanti zote zinazama, na waumini watasikia kwaya ikiimba irabu. Pili, mwendo. Mapigo yetu yanakwenda kwa tatutatu, na mpiga ngoma ndogo huegemea pigo la tatu kidogo, ama analiwahisha, ama analichelewesha kulingana na wachezaji. Kompyuta ina tabia ya kusogeza kila pigo likae kwenye mstari wake. Ikishafanya hivyo, mabega hayachezi. Ninyi wa Bungoma mnaojua kamabeka mnatuelewa bila maelezo.

Tungeweza kumwomba fundi aziondoe, tukarekodi ngoma moja kwa moja, basi. Nyimbo nne tulifanya hivyo. Lakini tulikuwa na nyimbo nyingine ambazo hatukuweza kuwaleta wapiga ngoma studio kila siku, kwa kuwa ni wakulima na walimu, na kulikuwa na igizo la Njia ya Msalaba lililohitaji milio mingine kabisa. Ndipo tukaamua kutengeneza sampuli zetu wenyewe, za ngoma zetu, ndani ya kanisa letu.

Tulichagua Januari. Mvua za Kitale mnazijua: zikianza, ngozi inalegea, na juu ya mabati hutarekodi chochote isipokuwa mvua yenyewe. Januari kuna ukavu. Lakini mchana kuna bodaboda, mashine ya posho, na jogoo wa jirani ambaye hana saa maalumu. Tukawa tunaanza saa nne usiku. Hesabu ilikuwa hivi: ngoma 3, kila moja mipigo 4 (kiganja wazi, kiganja kilichobana, vidole, ukingo), kila mpigo kwa nguvu 5, kila nguvu mara 6. Hiyo ni migongo 360. Kwa maikrofoni mbili, moja karibu na nyingine pale penye batizio, tukapata faili 720. Zote pamoja ni kama megabaiti 300. Zinaingia kwenye kumbukumbu ndogo ya mfukoni na nafasi inabaki. Programu iliyozipanga, Decent Sampler, hupatikana bure.

Ugumu ulikuwa kwa mzee wetu wa ngoma kubwa. Tulimweleza: piga mara moja, nyamaza mpaka mlio uishe, piga tena. Alipiga mara tatu akaacha. Akasema, “Nyinyi mnataka nitamke herufi. Mimi naongea.” Tulidhani anachoka. Akaomba tumsikilize: akapiga mgongo mmoja peke yake, kisha akapiga mwendo mzima na ule mgongo ukiwa ndani yake. Kweli ilikuwa milio miwili tofauti. Ndani ya mwendo, mkono unatoka kwenye pigo lililopita na tayari unaelekea linalofuata. Unatua kwa pembe nyingine, na ngozi bado inatetemeka. Mkono uliotoka kimya unatua kama mgeni anayebisha hodi.

Tukabadilisha utaratibu. Mzee alipiga mwendo mzima, kwa kasi tatu, na sisi tukakata migongo kutoka ndani yake, pale ilipowezekana kukata. Ile 360 ya peke yake bado tunayo, na inafaa kwa mahali pa polepole. Lakini kwenye rekodi za Jubilei, karibu kila unachokisikia kinatoka kwenye ile miendo. Nadhani hakuna kitabu cha programu kitakachokwambia hivyo, na fundi wetu ameanza kuwafanyia kwaya nyingine vivyo hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga ngoma walijua na sisi hatukulijua. Ngoma hupashwa moto kwenye jiko ili ngozi ikaze, na usiku wa Kitale una baridi. Baada ya nusu saa mlio umeshuka. Ukikata mgongo wa saa nne ukauweka kando ya mgongo wa saa sita, ni kama ngoma mbili. Tulilazimika kusimama kila baada ya dakika ishirini, kurudisha ngoma motoni, na kuandika muda wa kila rekodi kwenye daftari. Daftari hilo liko kwa katibu.

Hapa inabidi tuseme neno juu ya isukuti, kwa kuwa tuko mbele ya wageni. Ngoma hizi tatu ni urithi wa Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sisi wa Trans Nzoia ni watu wa kila upande, Wabukusu, Watachoni, Wasabaoti, Waturkana, Wakikuyu, na isukuti imeingia kanisani kwetu mikononi mwa waliohama nayo. Tunaitumia kwa shukrani, na kwa sababu hiyo hatuna ruhusa ya kuigawa ovyo.

Maana sampuli ikishatoka, haina mwenyewe. Mwanamuziki akinunua mkusanyo wa sampuli, kwa kawaida anaweza kuuweka chini ya kitu chochote. Tulijiuliza: mikono ya mzee wetu ikisikika chini ya tangazo la pombe, au wimbo wa kampeni unaomtukana jirani yake, tutamwambia nini? Historia inatufundisha kidogo hapa. Hugh Tracey alipita Kenya mwaka 1950 na 1952 akirekodi muziki wa vijijini. Rekodi hizo zilikwenda Afrika Kusini, kwenye maktaba aliyoianzisha mwaka 1954. Wakipsigis waliorekodiwa mwaka 1950, baadhi yao na watoto wao walirudishiwa nakala baada ya miaka zaidi ya 60. Hatusemi alitenda vibaya. Bila yeye sauti zile zingekwisha potea. Tunasema tu kwamba miaka 60 ni mingi kwa mtu kusubiri kusikia sauti ya mama yake.

Kwa hiyo tumeandika karatasi moja, kwa Kiswahili, na wapiga ngoma wote watatu wameitia sahihi baada ya kusomewa. Majina yao yatatajwa kwenye kila rekodi inayotumia mikono yao, hata kama siku hiyo hawakuwepo studio. Mapato yakipatikana, wana fungu kama mwanakwaya aliyeimba. Faili hazitoki nje ya kwaya bila wao kukubali, na kwa siasa na pombe hazitoki kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua mpigaji kuwa na haki juu ya upigaji wake, na sheria ya 2016 ya maarifa na sanaa za jadi inaitambua jamii. Karatasi yetu haina maneno ya wakili, lakini ni bora kuliko ahadi ya mdomo iliyotolewa usiku wa manane watu wakisinzia.

Sasa tufike kwenye Misa, ambako ndiko ugomvi ulikuwa.

Wazee wetu wanakumbuka kusimuliwa kwamba ngoma ilikatazwa kanisani. Ni kweli. Mwaka 1903 Papa Pius X alikataza piano na vyombo vya kelele kama ngoma na matoazi. Mlango ulifunguka kwa Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya liturujia ya 1963, iliyoruhusu vyombo vingine vinavyofaa hekalu na kuheshimu muziki wa mataifa. Kati ya hizo mbili kuna maagizo ya Roma ya Septemba 1958, ambayo watu wachache huyataja. Yalisema kwamba vyombo vya ibada vipigwe na mtu mwenyewe. Vile vinavyojiendesha, pamoja na redio, santuri na kanda, visitumike katika liturujia. Walikuwa wanafikiria kanda. Hakuna aliyefikiria laptopu. Lakini swali waliloliuliza ni swali zuri: je, hapo yupo mtu anayepiga?

Vijana wetu walijibu kwa akili. Walisema: kinanda chetu cha umeme, ambacho hakuna aliyewahi kukilalamikia, kimejaa sampuli. Ile sauti ya ogani kwenye Komunyo ni ogani ya mtu mwingine iliyohifadhiwa humo. Na mtu akigonga vibao vya kompyuta kwa vidole vyake, anapiga, hakuna kinachojiendesha. Hoja hiyo ina uzito, na kamati haikuweza kuiangusha. Tulichoweza ni kuijaribu, kwenye mazoezi, mara tatu.

Kuna mambo madogo: ukigonga kibao na mlio ukachelewa milisekunde 20, ni sawa na kumsikiliza mpiga ngoma aliyesimama mita 7 kutoka kwako, na mwenye kuongoza kwaya anaanza kuvuta. Hilo linarekebishika. Stima ikipotea, laptopu inaendelea lakini spika zinanyamaza. Ngoma ya ngozi haina habari na stima. Kubwa zaidi lilikuwa maandamano ya vipaji. Mnajua yalivyo kwetu: siku moja kuna kikapu kimoja cha mahindi, siku nyingine kuna ndizi, kuku, mbuzi asiyetaka kutembea, na nyanya aliyesimama katikati ya njia kucheza. Mpiga ngoma anamwona nyanya. Anashusha, anamngoja, anampandisha. Kijana aliyekuwa kwenye laptopu alikuwa akiangalia kioo, kama inavyobidi, na alimwona nyanya alipokwisha kukaa.

Lipo na la mbele zaidi. Kwaya ina wapiga ngoma watatu, na wawili wamepita miaka hamsini na tano. Kijana anajifunza ngoma kwa kuipiga Jumapili, mbele ya watu, akikosea na kurekebishwa. Kompyuta ikipewa Jumapili, hata hizo sampuli, baada ya miaka kumi, hatutakuwa na mtu wa kurekodi nyingine.

Kwa hiyo uamuzi wa kamati, ambao Baba Paroko ameuridhia, ni huu: katika Misa, ngoma ni za ngozi na mtu yuko nyuma yake. Na kwa haki, ile midundo inayojiendesha ya kinanda, ambayo tumekuwa tukiiwasha kwenye nyimbo za sadaka, nayo inazimwa. Wapiga kinanda wamenung'unika kidogo. Wamekubali.

Nje ya Misa, kompyuta ina kazi nyingi na tunaipenda. Mliokuwa kwenye Njia ya Msalaba uwanjani mlisikia nchi ikitetemeka Bwana alipokata roho. Wengi waliuliza ni filamu gani. Ilikuwa ngoma kubwa ya mzee wetu, mgongo mmoja uliopunguzwa mwendo kwa nusu: mlio ulishuka oktava moja na ukadumu mara mbili. Tukaurudia, tukaushusha tena. Ngurumo ilikuwa bati lililobaki kwenye ujenzi wa jiko la parokia, likitikiswa na vijana wawili. Pazia la hekalu lililopasuka ni gunia. Watunzi wa filamu hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, tofauti ni kwamba wao hawakurudisha bati likaezekwe.

Tunamalizia na mipango. Januari ijayo tunakuja Bungoma, kwa mwaliko wenu, kurekodi litungu na njuga kwa utaratibu huohuo: miendo kwanza, migongo baadaye, na karatasi isomwe kabla maikrofoni haijawashwa. Tafadhali tafuteni kanisa au ukumbi ulio mbali na barabara, na mtuambie mapema kama kuna jogoo. Darasa la ngoma kwa vijana wa kwaya zote mbili ni kila Jumamosi saa nane mchana, hapa ukumbini. Mzee wa ngoma kubwa amekubali kufundisha, kwa sharti kwamba mwanafunzi aje na kuni zake.

Ngoma ziko kwenye veranda, na laptopu iko kando yake. Atakayetaka kujaribu zote mbili aje wakati wa chai.